Macho yameanza kufifia? Pitia hapa kwanza kabla hujanunua tone lolote

Mzee wangu alikaa karibu miaka miwili anasubiri mtoto wa jicho "aive". Hakuna aliyempima, alijipima mwenyewe, rafiki yake alikuwa na mtoto wa jicho akaambiwa asubiri aive ndo afanyiwe operesheni, basi na yeye alipoanza kuona ukungu akasema ni ule ule, nasubiri. Siku tumemkokota mpaka kwa daktari tukaambiwa mtoto wa jicho yupo kweli ila mdogo tu, kilichokuwa kinamla kimya kimya ni presha ya macho, na jicho la kushoto limebaki na kidirisha cha katikati, pembeni kote giza. Mzee akauliza, "Sasa daktari, hiki kilichopotea kinarudi lini?" Daktari akavuta kiti akakaa karibu yake kabisa, akamwambia, "Mzee wangu, kilichopotea hakirudi. Tunalinda kilichobaki."

Tangu siku hiyo kila mtu akiniuliza "dawa ya macho ni ipi" namwambia hilo swali halina jibu, ni sawa na kuuliza dawa ya tumbo. Maswali ni mawili tu: ni sehemu gani ya jicho inayoumwa, na je kilichopotea ni cha kurudi au ni cha kulinda. Mi sio daktari, ni mtu ambaye ameshinda sana kwenye mabenchi ya kliniki za macho na wazee wake, kwaiyo hii ni ya kukusaidia ujue pa kuanzia na cha kuuliza, kupimwa kuko pale pale.

Hatua ya 1: jua kama ni ya kukimbia sasa hivi au ya kupanga siku

Kufifia polepole kwa miezi kunakupa nafasi ya kujipanga. Kuna mengine lakini saa chache ndo tofauti ya kuona na kutoona, na haya usilale nayo usubiri asubuhi:

Jicho limezimika ghafla, lote au nusu, bila maumivu yoyote. Watu hulidharau hili kwa sababu haliumi, kumbe inaweza kuwa mshipa wa damu wa jicho umeziba, yaani ni kiharusi kimetua jichoni, na hapo unakwenda hospitali mapokezi ya dharura, sio kwa mpima miwani. Kama mtu ana zaidi ya miaka 50 na siku hizo analalamika kichwa kinauma kwenye kipaji upande mmoja na taya linachoka akitafuna, lisemeni hilo mlangoni kabisa, maana kuna ugonjwa wa mishipa unaopofusha jicho moja halafu unahamia la pili ndani ya siku chache, na dawa ya steroidi ikiwahi ndo inaokoa hilo la pili.

Vimulimuli kama radi, vidoa vyeusi vingi vimeanza kuelea kwa mpigo, halafu kama pazia linashuka au linapanda kutoka pembeni: hiyo ni retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inabanduka. Ikiwahiwa kabla katikati haijabanduka, operesheni inaokoa vizuri tu. Wengine wanawekewa kiputo cha gesi ndani ya jicho kuibana retina ikae, na ukiwekewa gesi hupandi ndege mpaka daktari akwambie imeisha, ile gesi huko juu inatanuka na presha ya jicho inapaa.

Jicho jekundu linauma vibaya, kichwa kinapasuka, unatapika, ukitazama taa unaona duara za rangi kuizunguka. Hii ni presha ya macho ya ghafla. Wengi wanapewa dawa za malaria au za tumbo kwa sababu ya kule kutapika, kwaiyo mtajie daktari jicho kwanza.

Kemikali imeingia, iwe chokaa, saruji, jiki, asidi ya betri. Hapa usiende popote kwanza. Fungua bomba, fungua jicho kwa vidole hata kama linakataa, osha nusu saa nzima kwa maji safi yaliyopo, usitafute maziwa wala limao wala nini, halafu ndo uondoke. Chokaa na vitu vya jamii yake vinaendelea kuchimba ndani hata baada ya maumivu kupoa, ndo maana nusu saa, sio kunawa mara mbili.

Na mtoto: ukimpiga picha kwa flashi ukaona mboni moja inang'aa nyeupe wakati nyingine nyekundu, usiifute hiyo picha, nenda nayo hospitali wiki hiyo hiyo. Mara nyingi inakuwa mtoto wa jicho au kitu kingine, ila inaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto, na ikiwahiwa mtoto anapona.

Hatua ya 2: pimwa jicho zima, sio miwani peke yake

Hapa ndo watu wengi wanapokwama. Mtu anaingia dukani anajaribu miwani mitano anachukua ule anaouona afadhali, anaridhika. Miwani haikwambii kama nyuma kuko salama.

Kuna kakipimo kadogo unaweza kujaribu nyumbani. Chukua kadi ngumu, toboa kitundu kwa pini, funika jicho moja, tazama maandishi ya mbali kupitia kile kitundu. Kama yanasomeka vizuri zaidi kuliko bila kadi, basi sehemu kubwa ya tatizo lako ni la miwani. Kama hayabadiliki, au yanazidi kuwa mabaya, kuna kitu kingine ndani. Sio utambuzi wa ugonjwa huo, ni fununu tu, hata kliniki wanatumia kifuniko chenye vitundu kwa kazi hiyo hiyo.

Kliniki utasomeshwa herufi jicho moja moja. Ukiandikiwa 6/6 uko sawa, ukiandikiwa 6/60 maana yake unachokiona mita 6 mwenye macho mazima anakiona mita 60. Shirika la Afya Duniani linaita upofu pale jicho lako zuri linaposhindwa kufika 3/60, kwaiyo wengi wanaoitwa vipofu bado wanaona mwanga au umbo fulani. Halafu wanapima presha ya jicho, kawaida inacheza kati ya 10 na 21, ila mtu anaweza kuwa na namba nzuri na bado akawa na glakoma, yaani huo ugonjwa tunaouita presha ya macho, ndo maana namba peke yake haitoshi, lazima waangalie na mshipa wa fahamu kwa nyuma. Ili waone nyuma wanakutilia matone ya kutanua mboni. Yakishaingia utaona ukungu saa kadhaa na jua litakuchoma, usiende na gari unaendesha mwenyewe, nenda na mtu na miwani ya jua. Mimi mara ya kwanza sikujua, tukatoka na mzee saa sita mchana kafunika uso na shati.

Beba dawa zako zote unazotumia, hata zile za mambo mengine. Na kabla hujanyanyuka kwenye kiti omba vitu vitatu: jina la ugonjwa liandikwe kwenye karatasi, sehemu gani ya jicho, na kama ni cha kurudi au cha kulinda. Daktari mzuri hachukii haya maswali.

Hatua ya 3: ukiambiwa ni cha kurudi

Pumua. Na hawa ndo wengi. Duniani watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona la karibu au la mbali, na kati yao angalau bilioni 1 tatizo lao lilikuwa la kuzuilika au bado halijashughulikiwa, wengi wakihitaji miwani tu au operesheni ya mtoto wa jicho. Miwani siikalii sana, ukifika 40 na kitu ukaanza kuisogeza simu mbali ndo usome, hiyo ni lenzi imekuwa ngumu, inampata kila mtu, chukua miwani ya kusomea. Ila uwe umepimwa, tumeshakubaliana.

Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani imepoteza uangavu, kama kioo cha dirisha kilichoingia moshi. Hakuna tone wala kidonge kilichothibitika kuyeyusha, anayekuuzia anakuuzia maji. Dawa ni operesheni: wanaitoa lenzi chafu, wanaweka lenzi ya bandia. Hii lenzi ina historia tamu. Daktari wa Uingereza, Harold Ridley, aliona marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni, na macho yao yakavivumilia bila kuvimba, akawaza kwanini tusitengeneze lenzi ya plastiki hiyo hiyo, na mwaka 1949 akaweka ya kwanza London. Wenzake walimpinga miaka mingi. Leo ndo kawaida.

Zipo njia mbili utakazozisikia sana. Moja inavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuinyonya kupitia kitundu cha milimita kama 2 au 3, nyingine inaitoa nzima kupitia mkato mkubwa kidogo ambao mara nyingi haushonwi. Mikononi mwa mtu aliyezoea zote zinarudisha macho vizuri, usihangaike kutafuta mashine, tafuta aliyezoea. Unatiwa ganzi, uko macho, na kazi yenyewe mara nyingi haifiki nusu saa.

Na hili la kuiva lisahau. Kipimo siku hizi ni kwamba maisha yako yameanza kusumbuka, husomi, huendeshi usiku, unakosea ngazi. Ukiacha mpaka iive kweli kweli inakuwa ngumu kama punje na operesheni inakuwa nzito zaidi.

Kitu kimoja wanaume wasichosema: kama umewahi kutumia dawa ya tezi dume, hasa tamsulosini, mwambie daktari wa macho hata kama uliacha zamani. Ile dawa inalegeza ile nyama ya rangi inayozunguka mboni na kama daktari hajui inaweza kumsumbua katikati ya kazi. Akijua anajiandaa.

Baada ya hapo ni matone wiki chache, usisugue, maji machafu yasiingie, usinyanyue mizigo. Jicho linatakiwa liwe linapata nafuu kila siku. Likigeuza, yaani maumivu yanaongezeka na kuona kunashuka siku ya pili mpaka ya kama saba, rudi siku hiyo hiyo usisubiri tarehe ya kliniki, huenda ni maambukizi ndani. Miezi au miaka baadaye ukungu ukirudi watu husema mtoto wa jicho kaota tena, hapana, ni utando uliobaki nyuma ya lenzi umeingia ukungu, unapigwa leza dakika chache unaondoka.

Shangazi yangu alipofunguliwa bandeji kesho yake asubuhi cha kwanza hakututazama sisi. Alishika shuka la kitanda akalisogeza usoni akasema, "Kumbe haya mashuka ni meupe, mi nilidhani ya hospitali hii ni ya manjano." Lenzi yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai kwa miaka na ubongo ukazoea.

Konea, kile kioo cha mbele kabisa, nacho kikipata kovu kinaweza kubadilishwa kwa cha mtu aliyefariki. Sio teknolojia ya jana, ilifanikiwa mara ya kwanza mwaka 1905 kwa mikono ya daktari wa macho Eduard Zirm. Shida ni kupata konea za kutosha, na ukishapandikizwa mwili unaweza kuikataa hata miaka baadaye, kwaiyo jicho likiwa jekundu, likachukia mwanga, au ukungu ukaingia, unarudi fasta. Kama kope zako zinachoma jicho kwa sababu ya trakoma ya zamani, kuzing'oa kila wiki ni kujichelewesha, kuna operesheni ndogo ya kugeuza kope kabla konea haijachanika.

Hatua ya 4: ukiambiwa ni cha kulinda

Hapa moyo unavunjika na hapa ndo watu wanaacha dawa. Presha ya macho inaua mshipa wa fahamu, na mshipa huo ukifa hauoti. Matone hayakupi macho mapya, hutaona tofauti yoyote ukiyatia, na tofauti hiyo hiyo usiyoiona ndo kazi yake. Mzee wangu aliacha mara mbili kwa hoja hiyo.

Halafu tukagundua tatizo lingine. Chupa ya mwezi ilikuwa inaisha siku kumi. Nikakaa nikamtazama anavyotia: kasimama, kainua kichwa, anakamua matone matatu manne, moja kwenye nyusi, moja shavuni, anapepesa, anafuta. Labda moja liliingia. Basi nikamwambia, baba, hebu lala chali. Nawa mikono, vuta kope ya chini ijitengeneze kama mfuko, dondosha tone moja humo, chupa isiguse jicho. Fumba taratibu bila kukamua, kisha bonyeza kwa kidole kile kipembe cha jicho upande wa pua, dakika moja au mbili. Hapo unaziba njia ya dawa kushuka kooni na kuzunguka mwilini. Kama kuna dawa ya pili, subiri dakika 5, la sivyo ya pili inaosha ya kwanza. Chupa nyingi ukishafungua zina kama wiki 4 tu, soma boksi.

Kule kubonyeza sio mapambo. Timololi, moja ya matone ya presha ya macho, inaweza kumbana mwenye pumu au kushusha mapigo ya moyo, kwaiyo mwenye pumu au moyo wa polepole aseme kabla hajaandikiwa. Latanoprosti, tone jingine la presha ya macho, inarefusha kope na inaweza kuigeuza rangi ya jicho iwe nyeusi zaidi, usishtuke. Kama matone hayakufai, uliza kuhusu leza ya kufungua njia ya maji ya jicho, kuna watu wanaanza nayo kabisa badala ya matone. Ikishindikana kuna operesheni ya kutengeneza mfereji mpya. Na ndugu wa tumbo moja na watoto wote wapimwe, huu ugonjwa unatembea kwenye ukoo. Sisi tulienda wanne, mmoja akakutwa nao na alikuwa haoni shida yoyote.

Kisukari kinaharibu mishipa midogo ya retina na kwa muda mrefu huhisi kitu. Mwenye kisukari aangaliwe retina kila mwaka, hata kama anasoma gazeti bila miwani. Ikianza kuvuja kuna sindano za ndani ya jicho na leza. Najua neno sindano ya jichoni linatisha, ila jicho linatiwa ganzi, unahisi kama kubonyezwa, sekunde chache. Kinachochosha ni kurudia, mwanzoni mara nyingi kila mwezi, na anayekatiza katikati ndo anayepoteza. Damu ikijaa ndani au makovu yakivuta retina ni operesheni. Sukari na presha ya damu visiposhuka, hizo sindano ni kudeki huku bomba linavuja.

Sindano hizo hizo ndo zinatumika kwa wazee ambao katikati ya jicho kunavuja, ile unatazama mtu unaona masikio ila uso hauoni. Dalili ya mapema ni mistari iliyonyooka kuonekana imepinda, tazama fremu ya mlango kwa jicho moja moja. Ile aina kavu ya ugonjwa huu, isiyovuja, haina sindano hizi, kuna vitamini maalum zinazopunguza kasi kwa walioko hatua ya kati, ila mvutaji sigara asimeze zenye betakarotini, zinamuongezea hatari ya saratani ya mapafu. Na sigara aache.

Hatua ya 5: kama ni mtoto, punguza subira

Ubongo wa mtoto unajifunza kuona miaka ya mwanzo. Jicho likikaa na ukungu au makengeza, ubongo unaliacha, na baadaye hata ukilisafisha halioni vizuri. Mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho mzito anahitaji operesheni ndani ya wiki za mwanzo, sio akianza shule. Jicho zembe linatibiwa kwa miwani na kuziba lile zima saa kadhaa kwa siku, na inafanya kazi zaidi kabla ya miaka 7 au 8 hivi. Njiti nao wana kipimo chao cha retina wiki chache tu baada ya kuzaliwa, uliza kabla hamjaruhusiwa.

Hatua ya 6: ukiambiwa hakuna dawa

Omba maoni ya daktari wa pili, bingwa wa retina kama ni retina. Halafu jihadhari, maana hapa ndo matapeli wanakaa.

Vilivyo vya kweli: mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya jeni ya Luxturna kwa ugonjwa wa kurithi wa retina, ila ni kwa jeni moja tu, RPE65, na retina iwe bado ina seli hai. Kwaiyo kama kwenu kuna upofu wa usiku wa kurithi, kipimo cha jeni kina maana. Kupandikiza jicho zima kulifanyika New York mwaka 2023, jicho likapata damu, likakaa, ila halikuona. Kuna waliowekewa vifaa vya umeme kwenye retina, Argus II, wakaona vimulimuli na maumbo, baadaye kampuni ikaacha kuvitengeneza na watu wakabaki na vyuma machoni visivyo na fundi. Kwaiyo hata kitu cha kweli uliza nani atakuhudumia miaka kumi ijayo.

Cha uongo: anayekuahidi sindano za seli shina, yaani seli changa zinazodaiwa kuota upya, kwa macho yote mawili siku moja, na unalipia wewe. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti wanawake watatu waliochomwa hizo, wakaingia wanaona, wakatoka karibu vipofu. Utafiti wa kweli kawaida haukutozi hela na unaanza na jicho bovu.

Hatua ya 7: tumia kilichobaki

Hii watu wanaiona kama kukata tamaa wakati ingeanza sambamba na hatua ya 4. Uliza kliniki ya uoni hafifu. Taa iwe nyuma ya bega ikimulika unachosoma, ukingo wa ngazi upakwe rangi inayopishana na sakafu, lenzi ya kukuza, fimbo nyeupe. Kwenye simu washa TalkBack (Android) au VoiceOver (iPhone) inakusomea kila kitu. Wengine wakipoteza sana wanaanza kuona watu au mapambo ambayo hayapo na wanaficha wakidhani wanachanganyikiwa, ni ubongo unajaza nafasi, mwambieni daktari ili ahakikishe ni hiyo tu.

Mzee alikataa simu inayoongea, akasema inamfokea. Tukamuwekea alamu tu, mjukuu wake kajirekodi, saa tatu usiku inalia, "Babu, matone, lala chali!" Analala. Chupa siku hizi inafika mwisho wa mwezi.